Tuivunje D Vipande Vipande

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, magazeti hupambwa kwa picha za watoto waliobebwa juu juu na wazazi wao. Waliojifungia ndani hatuonyeshwi. Huko Kiogoro, si mbali na mji wa Kisii, ninaye mmoja wa damu yangu: mpwa wangu aliyepata D katika Kiswahili, akavitia vitabu guniani na kuandamana na mamaye sokoni kuuza ndizi. Uchungu wenyewe ni kwamba alitaka kuwa mwalimu wa Kiswahili, na anayetaka kusomesha shule za upili hudaiwa angalau C+ katika somo lake.

Jamaa walimiminika kumliwaza. Mmoja alimkumbusha kwamba mwaka 2016, wakati Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira, akiwa Waziri wa Elimu, watahiniwa 141 tu kati ya zaidi ya 570,000 ndio waliopata A. Ni kweli tupu, lakini sijapata kuona mtu aliyefufuka hamu ya kusoma kwa kuambiwa kuwa wengine nao walianguka. Na hilo "jikaze" letu ni sawa na kumwambia mwenye njaa ashibe.

Kinachoua hamu, nionavyo mimi, ni ububu wa alama yenyewe. Hati ya matokeo hutoa gredi moja ya somo zima, wala haisemi mtahiniwa alikwama wapi. Binti huyu alisadiki kwamba hajui Kiswahili, basi.

Nilimwomba anitolee karatasi zake za majaribio. Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu: Insha ina alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Katika insha mawazo yalikuwa mazuri, ila tahajia iliyavuruga. "Kura" ilikalia kiti cha "kula", "mahari" kiti cha "mahali". Kigusii hakitofautishi sauti hizo mbili, kwa hiyo huo ni mkono wa lugha ya mama, nao hurekebishika kwa mazoezi. Ngeli alizoziogopa mno alikuwa nazo tangu utotoni: asemaye omonto na abanto, omote na emete, ana nini cha kuogopa katika mtu na watu, mti na miti? (Walimu wetu wengi hukiona Kigusii kama adui darasani. Ni hasara kubwa.)

Shimo lenyewe lilikuwa Fasihi. Hakuwa amevisoma vitabu teule, alisoma miongozo.

"Mjomba," akaniambia, "kumbe sikuanguka kote!"

Sikumpa nasaha yoyote siku hiyo. Laiti Baraza la Mitihani lingempa kila mtahiniwa gredi ya kila karatasi, na laiti shule zingewarudishia wanaoondoka karatasi zao za majaribio badala ya kuziwashia moto jikoni, wangapi wangejua pa kuanzia? Muda nao unayoyoma: waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio wanaofunga mfumo wa 8-4-4 kwa KCSE ya mwaka 2027.

Mpwa wangu ameamua kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi. Asubuhi bado yuko sokoni; jioni anasoma riwaya, sura moja kwa siku, na mwongozo nimeuchukua mimi.