Je, Wajua? Fuo za Bonde la Ufa Huhama

Geti kuu analoingilia mgeni leo katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru silo waliloingilia wazazi wake. Lile la zamani lilimezwa na ziwa, pamoja na majengo na barabara zilizokuwa kando yake. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda, na ziwa ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa na kilomita za mraba 40 hivi limepita 60. Anayepanga likizo ya maji na wanyama katika Bonde la Ufa la kati, kutoka Naivasha hadi Baringo, na aanze na jambo hilo. Huku ufuo haukai mahali pamoja. Ramani ya miaka 15 iliyopita inaweza kukufikisha kwenye barabara iliyo chini ya maji, au hoteli iliyobaki paa tu.

Je, wajua sababu? Maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria hayana mto hata mmoja unaotoka. Maji huingia kwa mito, mvua na chemichemi, na njia yake kubwa ya kutoka ni jua. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, ufuo hupanda hadi mashambani na mitaani. Ukame ukishika, hurudi nyuma. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipungua hata sehemu kubwa ikabaki tope na magadi makavu. Naivasha na Baringo nayo hayana mto wa kutoka juu ya ardhi, lakini maji yake hupenya chini kwa chini na kuondoka na chumvi. Ndiyo maana maji ya maziwa hayo mawili yanafaa kunywesha mifugo na kukuza samaki, ilhali ya jirani zao ni magadi matupu. Kupanda kwa sasa kunahusishwa zaidi na mvua nyingi, na pia na udongo unaoletwa na mito kutoka milima iliyokatwa misitu. Kwa mtalii ni badiliko la mandhari, lakini kwa mkazi wa mtaa wa Kihoto kule Naivasha ni nyumba aliyoihama akiwa ameshika viatu mkononi. Ukipita huko, kumbuka kwamba maji unayoyapiga picha yanaweza kuwa yamefunika sebule ya mtu.

Na ufuo wa kale kabisa je? Huo uko kilimani. Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nakuru kwenye barabara ya kwenda Nairobi, karibu izungukwe na maji zama zile Nakuru na Elmenteita zilipokuwa ziwa moja, yapata miaka 9,000 au 10,000 iliyopita. Uso wa ziwa hilo ulikuwa zaidi ya mita 100 juu ya ulipo leo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo kuanzia 1937, na makumbusho yakafunguliwa 1965. Wageni wengi wa Nakuru hupita mlangoni wakiharakisha kwenda kuwaona vifaru, nami nawasihi wasimame walau kwa saa moja. Juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na wachezaji ambao majina yao hatutayajua kamwe, safu kwa safu. Mtu yeyote aliyewahi kusogeza kete barazani atayatambua mara moja, bila kuelekezwa.

Mbele kidogo, karibu na Gilgil, kuna Kariandusi. Mwanaakiolojia mwenzake, Louis Leakey, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920, na mashoka ya mawe yaliyopatikana yana umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Kando yake kuna ukuta mweupe unaochimbwa kibiashara. Usidhani ni chokaa. Ni mabaki ya vijimea vidogo mno vya majini, vilivyojikusanya chini ya ziwa lililokwisha kutoweka. Unakanyaga nchi kavu, na ukutani unaona kina cha ziwa.

Hata korongo la Hell's Gate, kusini mwa Naivasha, ni kazi ya ziwa lililohama. Naivasha ya zamani zile ilipojaa hadi kumwagika, maji yalitokea upande wa kusini, yakatafuna majivu na miamba ya volkano hadi yakaacha njia nyembamba yenye kuta ndefu. Leo hapo ni mbuga, iliyotangazwa 1984, na ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swara. Baiskeli hukodishwa karibu na geti. Kwa familia isiyo na gari la kubebea watalii, sijui likizo ya wanyama iliyo nafuu na tamu kuliko hiyo. Lakini sikiliza: mvua inayonyesha mbali, mahali usipopaona, huweza kujaza korongo kwa dakika chache. Watu walikufa humo 2012, na wengine tena 2019. Anga likiwa jeusi upande wowote, usishuke, hata kama umelipa, hata kama watoto wanalia. Mlinzi akisema hapana, mshukuru.

Papo hapo, mvuke unaofuka miambani ndio unaowasha taa za nyumba nyingi za Kenya. Kituo cha Olkaria kilianza kuzalisha umeme 1981, kikiwa kituo kikubwa cha kwanza cha jotoardhi barani Afrika. Ndani ya mbuga pia kuna bwawa la kuogelea ambalo maji yake ya buluu yenye moto hutoka katika kazi hiyo hiyo.

Tuje kwa heroe, ndege wale wa waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo. Je, wajua kwamba karibu heroe wote wa aina ile ndogo katika Afrika Mashariki huanguliwa Ziwa Natron, Tanzania? Kwenye maziwa ya Kenya huja kula. Chakula chao ni mwani mdogo unaostawi katika maji ya magadi, na rangi yao hutokana na mwani huo. Hula wakiwa wameinamisha kichwa juu chini, wakichuja maji kwa mdomo. Sasa unganisha na habari ya maji: ziwa likijaa, magadi hupoa makali, mwani hupungua, na ndege huondoka. Nakuru, iliyojengewa jina duniani na heroe, imepitisha miaka ambapo wageni walitoka Ulaya hadi hapo na kukuta wachache tu, huku Bogoria ikiwa imefunikwa kwa waridi. Kwa hiyo usilipie safari nzima kwa ahadi ya ziwa moja. Wiki unayosafiri, pigia simu mtu wa hapo, mwenye hoteli au kiongozi wa watalii, umuulize heroe wako wapi. Maziwa matatu, Elmenteita, Nakuru na Bogoria, yaliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na kwa kweli kwa ndege hao ni sahani tatu za meza moja.

Mwari naye, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, ana kisa chake. Hapo awali Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Kuanzia miaka ya 1950 wakaletwa samaki wadogo wa Ziwa Magadi, wanaovumilia maji makali, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na mwari wakaja kwa maelfu kuwafuata. Hata hivyo huenda kutaga Elmenteita, na huruka wakienda kwingine kutafuta chakula. Asubuhi na mapema ukiwa kati ya maziwa hayo mawili, tazama juu: hupita makundi kwa makundi, bila kupiga kelele.

Kule Naivasha, karibu kila samaki utakayeandaliwa na ugali ni mgeni aliyeletwa na binadamu. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hilo alionekana mara ya mwisho 1962. Kamba wekundu kutoka Louisiana, Marekani, waliingizwa 1970. Ndege za majini kutoka Uingereza nazo ziliwahi kutua juu ya ziwa hilo, abiria wakamalizia safari ya Nairobi kwa barabara. Sehemu kubwa ya ukingo imeshikwa na hoteli, mashamba ya maua na makazi ya watu binafsi, lakini Kamere na Karagita wananchi hufika majini, na samaki hukaangwa hapo hapo. Panda mashua ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, na usikubali nahodha akusogeze karibu na viboko kwa ajili ya picha. Kuogelea sahau. Jioni viboko hutoka kwenda malishoni, na anayesimama kati yao na maji ndiye anayedhurika.

Je, wajua kwamba kutoka Nakuru hadi Bogoria unateremka zaidi ya mita 800? Jiji la Nakuru liko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha iko juu zaidi ya hapo. Usiku utatafuta sweta, na Julai utatafuta blanketi la pili. Bogoria na Baringo ziko karibu mita 1,000, na mchana jua lake huchoma hasa. Wengi hufungasha nguo za aina moja kwa safari yote, wakidhani nchi ya joto ni joto kila mahali. Njiani, Mogotio, unavuka ikweta. Kwenye vituo vya ikweta hukosi kijana mwenye beseni lenye tundu, anayeonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Msikilize kwa heshima, naye anatafuta riziki, lakini watoto waambie ukweli: mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuelekeza maji ya beseni. Yanafuata mkono ulioyamimina.

Bogoria ndipo mahali ambapo ningekaa siku nyingi kuliko pote. Chemichemi zake hutokota, nyingine hurusha maji juu, na wageni wamezoea kuchemsha mayai ndani yake. Ziwa lilipopanda lilizifunika baadhi yake, kwa hiyo za leo si zote zilizo kwenye picha za zamani. Usisogee ukingoni, kwani ardhi ni nyembamba na chini yake kuna maji ya moto. Wazungu wa enzi ya ukoloni waliliita ziwa hili Hannington, kwa jina la askofu aliyeuawa Busoga 1885. Wenyewe ni Waendorois. Walihamishwa katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi, wakapigania haki yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi ulipotangazwa 2010 ukasema walidhulumiwa na warudishiwe ardhi yao. Utekelezaji umekokotwa mno. Ukienda, chukua kiongozi wa jamii hiyo na ununue asali yao. Hapo fedha yako ya likizo inafika mahali pake.

Baringo iko mbele kidogo, na huko maji yalifanya rasi kuwa kisiwa. Twiga tisa walijikuta wamezingirwa, kisiwa kikipungua na chakula kikiisha. Kikaundwa chelezo cha chuma kinachoelea, wakavushwa mmoja mmoja hadi hifadhi ya jamii ya Ruko. Kazi ilianza Desemba 2020 na kumalizika Aprili 2021. Waliosaidia kuifanikisha ni Wapokot na Wailchamus, jamii ambazo zamani zilipigana juu ya mifugo na malisho.

Lini basi? Januari na Februari bonde huwa kavu, na pwani nako upepo wa kaskazi hutuliza bahari, kwa hiyo atakaye maziwa na bahari katika safari moja achague miezi hiyo. Agosti, watoto wakifunga shule, ni baridi Nakuru na kusi huvuma pwani, hata mwani hujaa mchangani Diani. Machi hadi Mei ni masika: majani ni mazuri na bei hupungua, ila barabara za udongo huwa na utelezi na mito hubadilika. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliporomoka Mai Mahiu yakaua makumi ya watu. Msimu huo usisafiri usiku kupitia bonde hilo.

Ada za mbuga za Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hulipwa kwa mtandao, si kwa pesa taslimu getini. Zitazame siku unayolipa, maana hubadilika, na beba kitambulisho kwa sababu mwananchi na mgeni hawalipi sawa.

Baada ya hapo, bahari. Reli mpya kutoka Mombasa ilifunguliwa 2017 na kufikishwa hadi Suswa, kusini mwa Naivasha, mwaka 2019. Njia rahisi ni kushuka kwa matatu hadi Nairobi na kupanda treni ya Mombasa, kilomita 472, mchana ukiitazama mbuga ya Tsavo dirishani. Ukifika, ufuo wa huko nao huhama, ila kwa saa badala ya miaka: wakati wa bamvua, kati ya maji kujaa na kupwa huwa na tofauti ya mita tatu hivi, na mwamba uliokuwa chini ya miguu yako asubuhi unaweza kuwa umezama adhuhuri. Kabla ya kutembea kwenda mwambani, muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi.