Kwa nini muziki wa moja kwa moja huharibika kwenye televisheni

USIKU wa Februari 15, 2016, mwanamuziki wa Uingereza, Adele, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Staples Center, Los Angeles nchini Marekani, kuimba wimbo wa All I Ask katika hafla ya tuzo za Grammy. Mara piano ilipoanza, watazamaji wa televisheni walisikia mlio wa ajabu, mithili ya gitaa ambalo halikuwapo jukwaani, na mwimbaji huyo mahiri akasikika kama aliyepotea njia.

Baadaye Adele mwenyewe alieleza kilichotokea: vipaza sauti vya piano vilikuwa vimeangukia juu ya nyuzi za chombo hicho. Mlio uliodhaniwa kuwa wa gitaa ulitokana na ajali hiyo. Lakini wakati maelezo hayo yakitolewa, mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao kwamba msanii huyo ameimba vibaya.

Yawezekanaje jambo kama hilo likatokea mahali penye fedha nyingi na mafundi waliobobea? Jibu ni kwamba muziki unaopigwa moja kwa moja kwa ajili ya televisheni si onyesho moja, bali ni maonyesho matatu yanayofanyika kwa wakati mmoja.

La kwanza ni la watu waliomo ukumbini, wanaosikia muziki kupitia spika kubwa. La pili ni la wanamuziki wenyewe, wanaohitaji kujisikia ili wasitoke kwenye ufunguo na mapigo. La tatu ni la mtazamaji aliyeko nyumbani. Sauti ya kila kipaza sauti hugawanywa na kupelekwa kwa mafundi tofauti, na kila mmoja huichanganya kwa namna yake. Anayemchanganyia mtazamaji wa nyumbani mara nyingi hayumo hata ukumbini; huketi ndani ya gari maalumu lililoegeshwa nje.

Hapo ndipo penye mtego. Mwimbaji husikia mchanganyiko wa pili, lakini huhukumiwa kwa ule wa tatu, ambao hana njia ya kuusikia wakati akiimba.

Ugumu mwingine ni kwamba kipaza sauti hakichagui cha kunasa. Kilicho mbele ya mwimbaji hunasa pia ngoma zilizo nyuma yake. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, mlio wa ngoma iliyo umbali wa mita saba hukifikia kipaza sauti hicho ukiwa umechelewa kwa sekunde 0.02 hivi. Mlio huo ukikutana na ule ulionaswa karibu na ngoma yenyewe, ngoma hupoteza ukali wake na kusikika kana kwamba inapigwa bafuni.

Aliyewahi kuhudhuria taarabu atauelewa ugumu huo. Udi na ganuni ni vyombo vya sauti ya chini, ilhali akodiani na ngoma zina sauti kubwa. Fundi akiongeza nguvu ya kipaza sauti cha udi ili usikike, huongeza pia ngoma na akodiani zilizo jirani. Akizidisha, spika za jukwaani huanza kupiga yowe.

Ili kuepuka yowe hilo, wasanii wengi siku hizi huvaa vipokea sauti vidogo masikioni. Vifaa hivyo hupunguza kelele jukwaani, lakini navyo vina hatari yake. Vikizimika, mwimbaji aliyezibwa masikio hubaki kama nahodha aliyepoteza dira.

Aidha, picha nazo zina madai yake. Picha za kidijitali huchukua muda kupita mitamboni. Pale zinaporushwa picha 25 kwa sekunde, kuchelewa kwa picha moja tu ni sekunde 0.04. Sauti hulazimika kucheleweshwa kwa makusudi, vinginevyo midomo ya mwimbaji na maneno yake haviendi pamoja.

Kisha kuna sebule ya mtazamaji. Besi inayotikisa vifua ukumbini hupotea kwenye spika ndogo za televisheni nyembamba. Ndiyo maana fundi makini huweka spika ndogo kando ya zile kubwa, na kusikiliza muziki kama atakavyousikia mwananchi wa kawaida.

Yote hayo hufanyika katika muda finyu. Bendi moja inatoka, nyingine inaingia wakati matangazo ya biashara yakiendelea, na makumi ya nyaya lazima yaunganishwe bila kosa. Mikisa za kidijitali hukumbuka mipangilio ya siku ya mazoezi, lakini hakuna kumbukumbu inayoweza kuinua kipaza sauti kilichoanguka.

Si ajabu basi kwamba wengine hukimbilia sauti iliyorekodiwa. Hata hivyo, njia hiyo nayo si salama. Oktoba 23, 2004, mwimbaji wa Marekani, Ashlee Simpson, alipojiandaa kuimba wimbo wake wa pili katika kipindi cha Saturday Night Live, sauti yake iliyorekodiwa ya wimbo aliokwisha kuuimba ilianza kusikika ilhali kipaza sauti kikiwa mbali na mdomo wake. Aliondoka jukwaani, na tukio hilo likamwandama kwa miaka mingi.

Adele alichagua njia nyingine. Baada ya mkasa wa mwaka 2016, alisema kwamba likimtokea tena tatizo la sauti, atasimamisha wimbo. Februari 12, 2017, akiwa katika tuzo zile zile, alikuwa akiimba kumuenzi George Michael, aliyefariki dunia Desemba 25, 2016. Mambo yalipoanza kwenda mrama alisimama, akaomba radhi, akaomba wimbo uanze upya, akisema hawezi kumharibia marehemu.

Ukumbi ulimshangilia. Nyumbani, watazamaji walipata nafasi adimu ya kuona kile ambacho televisheni hukificha siku zote: kwamba wimbo wa dakika chache hutegemea watu wengi wasioonekana, na kwamba kosa la yeyote kati yao hubebwa na yule mmoja anayeonekana.