Viboko wa Sitalike wanakusubiri, Mto Katuma ukikubali

Mpenzi msomaji, wiki hii tuweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tufunge safari. Usiogope, hatuendi Paris wala Dubai, na pasipoti huhitaji. Tunaanzia hapa hapa Kabungu, tunapita Mpanda mjini kununua maji na maandazi, halafu tunaufuata Mto Katuma tuone unatupeleka wapi. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota.

Wengi wetu huku tukisikia neno "mtalii" tunamfikiria Mzungu mwenye kaptula na kamera shingoni. Sisi tunabaki kumpungia mkono gari likipita, vumbi linatupata, tunarudi shambani. Hivi nani alisema kutalii ni kwa Wazungu tu? Geti la hifadhi likifunguliwa, Mtanzania anaingia kwa kulipa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni anayelipa dola. Kumbe tatizo si pesa peke yake, ni mazoea.

VIBOKO KAMA MAGUNIA

Kituo cha kwanza ni Sitalike, kilomita kama 35 kusini ya Mpanda, kwenye barabara iendayo Sumbawanga. Kijiji kiko mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na Mto Katuma unapita hapo hapo. Ukifika wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, utawaona viboko wamejazana kwenye madimbwi kama magunia ya mpunga ghalani. Mmoja anapiga miayo, mwingine anamsukuma mwenzake, watoto wamepanda migongoni mwa mama zao. Kelele zao utadhani wazee wanacheka kilabuni!

Lakini sikiliza dada yangu, nawe kaka: kiboko si mnyama wa kuchezea. Dume lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na likiamua kukimbia, wewe na viatu vyako vya kisigino hamfiki mbali. Usisimame kati yake na maji. Usiku hutoka kula majani, kwa hiyo habari za kutembea mtoni gizani na mchumba achana nazo kabisa.

Ukiingia ndani, hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471 na ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974. Humo kuna nyati wanaotembea kwa makundi ya mamia hata maelfu, simba wanaowafuata nyuma, tembo na twiga. Mamba nao wana vituko vyao. Maji yakiisha wanajichimbia kwenye mapango ya kingo za mto, wanalaliana humo wakingoja mvua. Na watalii ni wachache mno ukilinganisha na Serengeti, unaweza kuzunguka kutwa nzima bila kukutana na gari jingine.

MZEE KATABI NA MKWAJU WAKE

Jina la Katavi lenyewe lina hadithi. Wenyeji wa Kibende wanasimulia habari za Katabi, mwindaji hodari wa zamani, ambaye roho yake inaaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu huenda pale na sadaka zao ndogo kuomba baraka za mawindo, mvua au uzazi. Uamini usiamini, ukifika vua kofia na punguza mzaha. Mti wenye mwenyewe haukatwi ovyo, na hiyo ni elimu ya mazingira iliyokuwepo kabla ya semina yoyote.

TEMBO WA KIHINDI KAREMA!

Ukiwa na siku ya ziada, geuza upande wa magharibi mpaka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Huko Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879. Mwaka huo huo waliletwa tembo wanne kutoka India kujaribu kama wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Walishushwa pwani, wakatembezwa mpaka bara, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Hebu fikiria sura za wenyeji walipomwona tembo anamtii mtu!

Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Miaka minne baadaye akaja Adrian Atiman, kijana wa Kiafrika kutoka sehemu ambazo leo ni Mali. Utotoni aliuzwa utumwani, mapadri wakamkomboa, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Aliwatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu kama huyo, ulaya wangeshamtengenezea filamu tatu.

Ukimaliza historia, shuka ziwani utafute migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo. Hapo usipime, utalamba mpaka kiganja.

Wapenda garimoshi nao wana lao. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na wengi wa wajomba zetu waliingia mji huu kwa njia hiyo.

SASA HAPA PANAUMA

Mto Katuma ndio unaoshika yote haya. Unatoka kwenye vilima vya upande wetu, unaingia hifadhini, unajaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yanaendelea mpaka Ziwa Rukwa. Zamani ulipitisha maji mwaka mzima. Siku hizi kiangazi kikikolea unakatika, unabaki madimbwi. Ule msongamano wa viboko tunaoupigia picha, sehemu yake ni shida: wamebanwa kwa sababu maji hayapo. Wanagombana, wanaumizana, wengine wanakufa kwenye tope.

Nani kayachukua maji? Tusimtafute mchawi mbali. Huku juu tumelima mpunga mpaka kwenye kingo, tumeweka mabwawa ya udongo na mifereji, tumekata miti ya vilimani kwa mashamba na mkaa. Mpunga tunauhitaji, watoto hawasomi kwa kutazama viboko, hilo nakubali. Lakini mto ukifa, mpunga nao utamwagiliwa na nini? Mkulima wa leo anayeziba maji ndiye atakayechimba kisima kesho.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Mita 60 si mbali, ni kama nusu ya uwanja wa mpira na kidogo. Wenzetu wa Seoul, Korea ya Kusini, walikuwa wamekifunika kijito cha Cheonggyecheon kwa zege na kujenga barabara ya juu. Wakaona wamekosea, wakabomoa barabara nzima, na mwaka 2005 maji yakarudi kupita katikati ya jiji. Sasa wapenzi wanakaa kandokando wanakula aiskrimu. Sisi wetu hauna hata zege la kubomoa, unahitaji tu tuondoe majembe kwenye kingo!

Basi mpenzi msomaji, sikukuu ijayo changishaneni watu wanane, mkodi gari moja, mwende Sitalike asubuhi na mapema. Bebeni maji, kofia na nguo za mikono mirefu, maana mbung'o wa Katavi hawajui kama wewe ni mwenyeji. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko wewe unavyozipenda. Mchukue na babu anayelima kando ya mto. Akishaona yale madimbwi kwa macho yake, mazungumzo ya njiani kurudi yatakuwa mengine.