Kabla ya Kuongeza Vikanyagio vya Mbele kwenye Pikipiki au Skuta

Kutoka Same mjini hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100 za lami, na sehemu kubwa ya njia hiyo hupita katika tambarare kavu iliyo chini ya Milima ya Upare. Mwendeshaji wa pikipiki aliyekunja magoti kwa muda wote huo huanza kusikia maumivu kabla hajafika Mwanga. Goti hukaza, nyonga huuma, na mguu wa upande mmoja hufa ganzi. Mrefu wa miguu hupata tabu zaidi, kwa sababu chombo chake hakikutengenezwa kwa kimo chake. Ndiyo maana waendeshaji wengi huenda kwa fundi wa kuchomelea na kumwomba awatengenezee vikanyagio vya mbele, yaani vyuma viwili vinavyotokeza kulia na kushoto ili miguu ipate kunyooka.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mteja huacha chombo asubuhi, akanywa chai, akarudi na kukikuta tayari. Pengine kwa sababu ya udogo huo, ni wachache wanaouliza maswali ambayo wangeuliza kama wangekuwa wananunua tairi au mnyororo. Hata hivyo, katika nyongeza zote zinazofanywa kwenye pikipiki, kuanzia boksi la mizigo hadi kioo cha kukinga upepo, hii ndiyo inayouhamisha mguu kutoka mahali mtengenezaji alipoukusudia uwe. Kabla ya kuuliza bei, mtumiaji ajiulize jambo moja: mguu wangu utakuwa wapi pale nitakapouhitaji?

Jibu hutofautiana kati ya pikipiki ya kawaida na skuta, nasi tunashauri kila mtumiaji aanze kwa kukifahamu chombo chake.

Katika pikipiki ya kawaida, zile ambazo waendeshaji wengi wa bodaboda hutumia, mguu wa kulia hukaa karibu na pedali ya breki ya nyuma na wa kushoto karibu na gia. Ukiipeleka miguu mbele, umeviacha vyote viwili. Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa saa na mbuzi akakatiza barabara mbele yako, jambo lisilo geni kati ya Same na Makanya. Kwa mwendo huo, kila sekunde moja hukupeleka karibu mita 17 mbele. Kama sekunde moja itapotea mguu ukirudi nyuma na kuitafuta pedali, zile mita 17 zitapita kabla breki ya nyuma haijaanza kazi. Breki ya mkono ipo, na ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini kuibana peke yake kwa hofu, juu ya mchanga au changarawe, ni njia ya haraka ya kuanguka.

Skuta ni tofauti. Haina gia za mguu, na kwa kawaida breki zake zote mbili hushikwa kwa mikono. Kwa hiyo vikanyagio vya mbele kwenye skuta haviibi breki, na mtu anaweza kudhani kwamba hapo hakuna hasara yoyote. Hasara ipo, ila ni ya namna nyingine, na huonekana wazi zaidi barabara inapoanza kupanda.

Chukua mfano wa mwalimu anayeishi Same mjini na kwenda Mbaga kila mwisho wa juma kuwatazama wazazi. Amenunua skuta kwa sababu ni nyepesi na haichoshi mkono wa klachi. Amefungiwa vikanyagio vya mbele, na kwenye lami amevifurahia. Lakini baada ya Same barabara yake ni ya vumbi, hupita Mwembe, kisha hupanda kwa kona nyingi, na wakati wa mvua maji huichimba mifereji katikati. Katika njia ya namna hiyo mwendeshaji mzoefu hufanya jambo ambalo hata yeye halitambui: kila anapoliona shimo, huinua makalio kidogo na kusimamia miguu, ili magoti yake yafanye kazi ya shokapu. Jambo hilo huwezekana miguu ikiwa chini ya mwili tu. Ikiwa imenyooshwa mbele, mtu hawezi kujiinua. Uzito wote hubaki kwenye kiti, na kila shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya starehe humuumiza mgongo, naye huenda akakilaumu kiti.

Kuna pia suala la mteremko. Wakati wa kushuka kutoka mlimani, mwenye pikipiki ya gia huweka gia ndogo na kuiacha injini ishikilie mwendo. Mwenye skuta hana uchaguzi huo kwa kiwango kile, hivyo hutegemea breki zaidi, nazo zikitumika mfululizo hupata joto na kupoteza nguvu. Anayeshuka kwa namna hiyo anahitaji kukaa imara, miguu ikiwa tayari kugusa ardhi wakati wowote. Hapo si mahali pa kunyoosha miguu, hata kama vikanyagio ni vizuri namna gani.

Hatusemi kwamba vikanyagio vya mbele ni kosa. Kwa mtu anayesafiri mwendo mrefu wa lami, asiye na haraka na mwenye goti bovu, vinaweza kuwa msaada wa kweli. Tunachosema ni kwamba viwe vya ziada. Vile vya asili vibaki mahali pake, visikatwe wala kusogezwa, na vile vya mbele vitumike pale tu ambapo njia iko wazi na mbele panaonekana. Ukikaribia kijiji, kona, daraja, gulio au mteremko, miguu irudi nyumbani kwake.

Namna ya kuvifunga

Hapa ndipo fedha ya mtumiaji hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Njia zinazotumika kwa kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kuchomelea chuma moja kwa moja kwenye fremu. Ya pili ni kukifunga kwa kibano na bolti, ama kwenye fremu ama kwenye ngao ya kulinda miguu, ile ambayo wengine huiita bampa. Ya kwanza huonekana imara zaidi, na mafundi wengine huisifu kwa sababu hiyo. Sisi tunapendekeza ya pili.

Bomba la fremu ya pikipiki ni jembamba kuliko linavyoonekana. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya kiungo, na mara nyingi ufa huanzia hapo, pembeni mwa mahali palipochomelewa. Kumbuka kwamba kikanyagio ni wenzo. Mtu wa kilo 75 akikisimamia kwa ghafla gurudumu linapotumbukia shimoni, nguvu inayofika kwenye kiungo inaweza kuzidi maradufu ya uzito wake. Kibano kikishindwa, umepoteza kibano. Fremu ikipasuka, umepoteza chombo, na pengine zaidi ya chombo. Tena, kuchomelea fremu kunaweza kukupotezea dhamana uliyopewa na muuzaji, na si haki kumlaumu muuzaji kwa kukataa kutengeneza kitu ambacho wewe mwenyewe umekibadilisha. Soma karatasi ya dhamana kabla ya kwenda kwa fundi.

Kwenye pikipiki nyingi namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani. Fundi asiye makini anaweza kuisaga au kuifunika kwa rangi wakati wa kusafisha mahali pa kuchomelea. Mwenye chombo ambacho namba yake haisomeki atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza siku ya ukaguzi au siku ya kukiuza, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayokiunganisha chombo na kadi ya usajili iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Na kama ni lazima kitu chochote kichomelewe kwenye chombo, tangi la mafuta liondolewe kwanza na waya za betri zifunguliwe. Fundi anayekuambia kwamba hana haja ya kufanya hivyo amekupa sababu ya kutosha ya kutafuta fundi mwingine.

Kikanyagio chenyewe kiwe cha kukunjika, chenye springi, na kikigongwa kiende juu na nyuma. Chuma kilichokazwa kikatokeza kando huwa hatari kwenye kona: chombo kikilala, chuma hugusa ardhi kwanza na kinaweza kulinyanyua gurudumu. Katika vijia vya mlimani, ambako upande mmoja ni mawe na upande wa pili ni migomba ya watu, hicho ndicho kitakachogonga jiwe, mguu wako ukiwa juu yake. Kisitokeze kupita upana wa usukani. Kipande cha nondo kilichokatwa na kupakwa rangi hakifai. Kina utelezi kikilowa, na ncha yake huchoma. Bolti ziwe na washa za springi au nati zenye nailoni ndani, kwa sababu mtetemo wa barabara ya vumbi hulegeza nati ya kawaida. Baada ya kufunga, endesha siku mbili au tatu, kisha rudi ukakaze upya.

Kwenye skuta, usikubali kikanyagio kifungwe kwenye plastiki ya mbele au pembeni mwa sakafu ya plastiki. Plastiki hiyo ni pambo na kinga ya matope, haibebi uzito. Lazima kibano kifike kwenye chuma kilicho chini yake.

Tuongeze neno kuhusu mizigo. Baadhi ya wenye skuta huongeza vikanyagio kwa sababu sakafu imejaa: dumu la maji, au gunia la tangawizi kutoka Mamba Miamba, limekaa mahali pa miguu, na miguu imekosa pa kwenda. Hapo tatizo ni mzigo, na vikanyagio huuhalalisha tu. Gunia lililokaa kati ya magoti huzuia usukani kukata kona kali, na likisogea huhamisha uzito wote upande mmoja. Vivyo hivyo kwa mtoto. Tumesikia wazazi wakisema kwamba vikanyagio vya mbele vinamsaidia mtoto anayeketi mbele ya baba apate pa kukanyaga. Mtoto hapaswi kuketi mbele ya mwendeshaji hata kidogo, na kifaa chochote kinachofanya jambo hilo lionekane la kawaida kinatudanganya.

Kama umekwishalipa

Kabla ya kutumia fedha, jaribu kwanza yasiyo na gharama. Kiti kilichobonyea kinaweza kujazwa sponji mpya, na sentimita mbili au tatu za kimo hupunguza sana kukunjika kwa goti. Pedali ya breki na ile ya gia zinaweza kurekebishwa zilingane na urefu wa mguu wako. Na kusimama Mwanga kwa dakika kumi, ukatembea kidogo, hakuna fundi atakayekutoza.

Ukiamua kuendelea, patana na fundi kwa maandishi hata kama ni nusu ukurasa: kitu gani kitafungwa, kwa njia gani, kwa bei gani, na kazi ina dhamana ya muda gani. Dai risiti, iwe ya EFD kwa mfanyabiashara anayetakiwa kuwa na mashine hiyo, au ya mkono yenye jina, tarehe na saini. Piga picha chombo chako kabla na baada, fremu na namba ya chasisi zikionekana. Bila vitu hivyo, siku kikanyagio kitakapovunjika kutabaki neno lako na neno la fundi.

Kikivunjika, usikitengeneze kwanza. Mpelekee fundi au muuzaji malalamiko kwa maandishi ukiwa na nakala yako, na umpe muda unaofaa wa kurekebisha. Kutoza fedha kwa huduma ni kukubali kuitoa kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imemwekea mlaji ulinzi katika mikataba ya namna hii. Asiposikilizwa, mlaji anaweza kufika Tume ya Ushindani. Kama kifaa kilinunuliwa dukani kikiwa kimekwisha kutengenezwa, na ubora wake una shaka, Shirika la Viwango Tanzania ndilo la kuarifiwa. Kwa madai madogo ya fedha, Mahakama ya Mwanzo iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kipande kilichovunjika kihifadhi katika mfuko pamoja na bolti zake, bila kukisafisha, kwa kuwa mahali kilipokatikia panaweza kumwonyesha mkaguzi kama kosa lilikuwa la chuma, la kuchomelea au la matumizi.