Hodi ya Kughushi: Kuyaandalia Majaribio ya Tovuti Njia ya Kuingia kwa Akaunti ya Google

Makala haya yananuia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wanasayansi wa tarakilishi peke yao, ilhali limenigusa mimi, mwanafunzi wa fasihi, kwa njia isiyopendeza. Kwa muda sasa nimekuwa nikitunza tovuti ambamo wanafunzi huwasilisha mashairi yao ili yahaririwe. Mshairi habuni nywila mpya. Hubofya kitufe na kuingia kwa akaunti yake ya Google. Jioni moja, siku ya mwisho ya kuwasilisha ikiwa kesho yake, nilirekebisha sehemu ndogo ya programu. Majaribio yote ya kiotomatiki yalifaulu. Asubuhi hakuna mshairi aliyeweza kuingia. Majaribio yangu yalikuwa yamekagua kila chumba cha nyumba isipokuwa mlango.

Yafaa kwanza tutofautishe dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Utambulisho hujibu swali "wewe ni nani?", nayo idhini hujibu "umeruhusiwa kufanya nini?" Itifaki ya OAuth 2.0, iliyochapishwa mwaka 2012, yahusu idhini. OpenID Connect ya mwaka 2014 ilijengwa juu yake ili kushughulikia utambulisho. Tovuti humpeleka mgeni kwa Google, ikijitaja kwa kitambulisho chake. Mgeni hukubali huko. Google humrudisha na msimbo wa muda mfupi. Kisha seva ya tovuti huuwasilisha msimbo huo pamoja na neno la siri la tovuti, ikapewa tokeni na maelezo ya mgeni. Nywila ya mshairi haifiki kwetu kamwe.

Tovuti yangu imeandikwa kwa Django, na kazi ya kuingia hufanywa na programu iitwayo django-allauth. Kitambulisho na neno la siri nilikuwa nimeviingiza kwa mkono katika ukurasa wa msimamizi, navyo vikahifadhiwa katika hifadhidata. Nilipoandika jaribio la kwanza la kubofya kitufe kile, likaanguka papo hapo, likilalamika kuwa rekodi ya Google haipo. Nilishangaa, kwani rekodi nilikuwa nikiiona kwa macho yangu! Kumbe Django haiyaruhusu majaribio kugusa hifadhidata halisi. Huyaundia hifadhidata nyingine, yenye majedwali yote lakini isiyo na data niliyoiingiza, kisha huifuta yakiisha. Nilichokiingiza kwa mkono hakimo humo.

Dawa yake ni kuiunda rekodi ndani ya jaribio lenyewe, katika sehemu ya matayarisho inayotangulia kila jaribio: jina la mtoaji huduma, kitambulisho, neno la siri, kisha rekodi iunganishwe na tovuti husika. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika sana. Rekodi isiyounganishwa ni sawa na isiyokuwapo. Matoleo ya karibuni yanaruhusu maelezo hayo yaandikwe katika faili ya mipangilio badala ya hifadhidata, na binafsi naona hilo ni bora. Kwa vyovyote vile, maadili yatumiwayo yawe ya kubuni. Neno halisi la siri halina kazi katika jaribio, na likiandikwa humo litasomwa na kila anayeifikia hazina ya msimbo.

Je, jaribio liende hadi Google kwenyewe? La hasha. Google hukizuia mara nyingi kivinjari kinachoendeshwa na programu, au hudai uthibitisho wa simu. Na mtandao ukikatika, jaribio litaanguka bila kosa lolote letu. Badala yake twaghushi jibu: pale ambapo seva ingeuliza Google, hupewa majibu tuliyoyaandaa. Kwa majaribio yasiyohusu mlango, kama vile kuhariri ubeti, Django ina njia ya kumwingiza mtumiaji moja kwa moja bila kupiga hodi.

Kughushi huku kuna faida ambayo sikuitarajia. Naweza kuunda wageni ambao ni vigumu kuwapata kwa wakati niutakao: aliyekataa kutoa idhini, aliyebadilisha anwani ya barua pepe, au mwenye anwani isiyothibitishwa inayofanana na ya mwingine. Huyu wa mwisho ndiye hatari kwetu. Tovuti ikimtambua mtu kwa anwani tu, shairi la mmoja laweza kuangukia mikononi mwa mwingine, na washairi wetu wa jadi waliotia majina yao katika beti za tamati wangetucheka. Google humpa kila mtumiaji nambari ya kudumu isiyopewa mwingine. Hiyo ndiyo ya kuhifadhiwa, na jaribio lihakikishe kuwa mwenye anwani mpya bado anayaona mashairi yake.

Kilichosalia nje ya majaribio ni Google halisi. Kwa hiyo kabla ya kila toleo jipya huingia mwenyewe kwa mkono, kwa akaunti niliyoitenga kwa kazi hiyo, na sifanyi marekebisho tena mkesha wa siku ya mwisho.