Kujifungua na Kuzalishwa

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa jambo moja, na tofauti yake yafaa ipimwe. Twasema mwanamke amejifungua. Kitenzi hicho humrudia mtendaji, maana mwenye kazi ni yeye mwenyewe. Twasema pia amezalishwa. Hapo mwenye kazi ni mwingine, na mzazi ameshuka akawa mtendwa. Neno mzazi twalitumia hapa kwa maana yake ya zamani, yaani mwanamke aliye katika kuzaa au aliyetoka kuzaa karibuni. Ndivyo lisomekavyo hata leo mlangoni pa wodi ya wazazi, wala mgeni wa lugha asitazamie kuwakuta akina baba wamelala humo. Nalo neno mkunga li jirani na kunga, mafunzo ya siri, na kungwi afundishaye wari. Ukilitazama hivyo, mkunga si mikono ya kupokea mtoto tu, bali ni mtu wa kukaa na mzazi na kumnong'oneza lipasalo.

Katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake wazima wa ukoo. Mzazi alikaa kati yao, akapiga magoti au akachuchumaa, huku mmoja akimshika mgongoni. Hakuachwa peke yake. Lakini tusiisifu desturi kupita kiasi. Damu ilipomwagika isikatike, au mtoto alipokwama njiani, au kifafa cha mimba kilipomshika mama, wale wazee hawakuwa na la kufanya. Taarifa ya awali ya vifo vya wazazi wa Nyanda za Juu Kusini vya mwaka 1983 ilichapishwa mwaka 1984, na mwaka 1988 Mholanzi Jos van Roosmalen alitoa tasnifu yake huko Leiden juu ya utunzaji wa wazazi katika nyanda hizo za kusini magharibi. Tangu hapo hapana awezaye kusema kwamba habari hizo hazikuandikwa.

Watu wakasikia, wakaenda hospitali. Katika uchunguzi wa taifa wa 2015–16, watoto 63 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya tiba. Katika ule wa 2022 walikuwa 81. Vifo vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000 vilikadiriwa kuwa 556 katika uchunguzi wa kwanza, na 104 katika wa pili. Hesabu za namna hii zina mawimbi yake, hata hivyo hatuoni sababu ya kumrudisha mzazi kwenye hatari ya zamani.

Neno letu ni jingine. Mzazi alipovuka kizingiti cha hospitali, mara nyingi yule wa kumshika mgongoni aliambiwa angoje nje. Naye mzazi akalazwa chali, uchungu ukamkuta pweke. Je, dawa na mwenzi haviwezi kukaa chumba kimoja? Huko Gaborone, Botswana, wanawake 109 wa mimba ya kwanza waligawanywa kwa kura, wengine wakikaa na ndugu wa kike, wengine wakitunzwa kama ilivyo kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: wenye ndugu walijifungua kwa njia ya kawaida 91 katika 100, wengine 71. Wachunguzi wakakusanya majaribio 26 ya nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000, nao mwaka 2017 wakaona kwamba mzazi asiyeachwa hupata uchungu mfupi kidogo, na upasuaji hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaagiza kila mzazi awe na mwenzi amtakaye. Nchini Tanzania jambo hili lilijaribiwa Kigoma kuanzia 2016, likawezekana.

Juu ya mkao, shirika lilo hilo lasema mzazi achague mwenyewe, hata kusimama au kuchuchumaa. Mkao wa wima hupunguza kukatwa njia ya uzazi, ila damu yaweza kutoka zaidi. Kwa hiyo mkunga mwenye dawa ya kuzuia damu asiwe mbali.

Lakini mwenzi ni nani? Wengine hudhani ni mume tu. Kwa Wanyakyusa, ambao Monica Wilson alikaa kwao kati ya 1934 na 1938, mke wa mwana humwepuka baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Na desturi hiyo haijafutika yote. Katika wodi ambamo vitanda vimepangwa bila kizuizi, mume wa huyu aweza kuwa mkwe wa yule wa kitanda cha pili. Basi afadhali mzazi aulizwe mapema, siku za kliniki, kama amtaka mama, dada, shangazi au mume. Na kati ya kitanda na kitanda litungikwe pazia.