Jinsi ya kuteua viatu vya kazi visivyotesa miguu

BAWABU wa usiku huingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Muuguzi hutembea kutoka kitanda hadi kitanda katika wadi yenye sakafu ya saruji. Mwalimu husimama mbele ya ubao kipindi baada ya kipindi, naye kanga wa matatu hupanda na kushuka garini kutwa nzima.

Wote hawa huitegemea miguu kupata riziki. Hata hivyo, wengi huteua viatu kwa kutazama bei, rangi na mtindo pekee, kisha huyachukulia maumivu ya jioni kuwa sehemu ya kazi.

Kila mguu, kuanzia kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta ambao Mwenyezi Mungu aliuweka upunguze kishindo cha kukanyaga. Kutoka kisigino hadi mwanzo wa vidole umetandazwa utando mgumu unaoshikilia upinde wa wayo, mithili ya kamba inavyoushika uta.

Mzigo unaobebwa na viungo hivi si haba. Mtu mwenye uzani wa kilo 70 akipiga hatua 10,000 kwa siku, kila mguu huupokea uzani huo mara 5,000. Ukijumlishwa, mzigo huo ni tani 350 kwa mguu mmoja. Mtu akikanyaga ardhi laini ya shambani, udongo hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo. Saruji, vigae na lami havibonyei, kwa hivyo kazi hiyo huachiwa kiatu na mwili wenyewe.

Kiatu chenye soli nyembamba na ngumu kikishindwa na kazi hiyo, kisigino, goti, nyonga na mgongo ndivyo huumia. Utando wa wayo ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, huchanika kidogo kidogo karibu na kisigino. Dalili yake kuu ni uchungu mkali, kama wa kudungwa msumari, mtu akanyagapo chini mara ya kwanza baada ya kuamka. Uchungu huo hupungua akianza kutembea, kisha hurejea jioni.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa dukani ni wakati. Miguu hufura kidogo kadiri siku inavyosonga, hasa kwa mtu anayesimama sana. Kiatu kinachomtosha mnunuzi asubuhi huenda kikambana ifikapo saa tisa mchana. Ni bora viatu vinunuliwe jioni, na mnunuzi avijaribu akiwa amevaa soksi azitumiazo kazini.

Aidha, watu wengi wana mguu mmoja ulio mkubwa kuliko mwingine. Viatu vyote viwili vijaribiwe, na saizi iteuliwe kwa kuufuata mguu mkubwa. Mnunuzi akiwa wima, nafasi kati ya kidole kirefu zaidi na ncha ya kiatu iwe kama upana wa kidole gumba cha mkono.

Upana nao usisahauliwe. Njia rahisi ni kusimama juu ya karatasi, kuchora mguu kwa kalamu, kisha kukiweka kiatu juu ya mchoro huo. Iwapo mchoro unajitokeza pembeni, kiatu hicho kitaviminya vidole na kuleta malengelenge na sugu. Kauli ya wauzaji kwamba "kitatanuka tu" isimhadae mtu. Ngozi hulegea kidogo, lakini soli haitanuki.

Baada ya hapo kiatu chenyewe kikaguliwe. Kikishikwa ncha na kisigino na kukunjwa, kipinde pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati kama chapati, hakiwezi kuushikilia upinde wa wayo. Sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino ibonyezwe kwa kidole. Ikilala kwa urahisi, mguu utayumba ndani yake.

Soli ifaayo huwa na tabaka mbili au zaidi. Ya chini ni ya mpira mgumu usioteleza, na ya kati ni ya sponji inayobonyea na kurudi mahali pake. Kurudi huko ndiko muhimu. Sponji laini kupindukia humpendeza mtu dukani, lakini huzama chini ya uzani wake na kuifanya misuli ihangaike kutwa nzima kumsawazisha. Akishavivaa, mnunuzi atembee kwenye sakafu ngumu, wala si juu ya zulia la dukani.

Visigino virefu husukuma uzani mwingi mbele, kwenye vidole. Mwanamke anayelazimika kuvivaa ofisini anaweza kusafiri kwa raba na kuvibadilisha afikapo. Lakini hata viatu bapa kabisa, kama vile ndara, havifai kwa kazi ya kutwa, kwa sababu havina chochote cha kupunguza kishindo wala cha kukishika kisigino.

Wakenya wengi hujinunulia viatu vya mitumba katika masoko kama Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa. Viatu vizuri hupatikana humo, ila huhitaji jicho kali. Kiatu kiwekwe juu ya meza na kutazamwa kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kimekwisha kufuata mwendo wa mwenyewe wa awali, nacho kitaupotosha mguu wa mwenyewe mpya.

Pia ubavu wa soli ubonyezwe kwa kidole gumba. Ukiwa na mikunjo mingi au usipobonyea, sponji yake imekufa. Zipo soli zilizoundwa kwa poliurethani ambazo huharibiwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa bila kuvaliwa. Ndiyo maana kiatu kinachong'aa kama kipya huweza kumeguka soli vipande vipande baada ya siku chache. Soli inayotoa ungaunga au yenye nyufa ndogondogo iepukwe.

Wapo wanaouliza mbona wanariadha wengi wa Bonde la Ufa walikua wakikimbia pekupeku bila madhara. Utafiti ulioongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2010, ulionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, hivyo wakakwepa kishindo cha kisigino. Hata hivyo, mtu anayetembea hutanguliza kisigino, na sakafu ya kazini si njia ya udongo.

Ikumbukwe kwamba kiatu pekee hakitoshi. Kusimama tuli huchosha kuliko kutembea, kwa maana misuli ya miguu isiposonga damu hukwama chini. Mfanyakazi ahamishe uzani kutoka mguu mmoja hadi mwingine, apige hatua chache kila mara, na akipata nafasi aketi. Anayesimama mahali pamoja anaweza kutandika kipande cha zulia la mpira.

Waajiri nao wana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inawataka kuwapa wafanyakazi mavazi ya kujikinga, vikiwemo viatu, pale kazi inapowaweka katika hatari ya majimaji au vitu vyenye madhara. Aidha, inataka viti viwepo kwa wale ambao kazi yao inaruhusu kuketi. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwajiri anayenunua buti za saizi tatu na kuwagawia mabawabu hamsini yafaa awaulize wenye miguu kwanza.

Mtu aliyekwisha kupata maumivu ya kisigino asikate tamaa. Wengi hupona bila upasuaji kwa kubadilisha viatu, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu na kupumzika, ijapokuwa huenda ikachukua miezi kadhaa. Lakini mguu ukifa ganzi, ukivimba upande mmoja au ukiwa na kidonda kisichopona, amwone daktari bila kuchelewa. Mwenye kisukari ana sababu zaidi ya kujihadhari, kwani huenda asihisi kijiwe kilichomo kiatuni hadi kimjeruhi. Yeye avipapase viatu ndani kila asubuhi kabla ya kuvivaa.